Paa la sleti Nairobi: yanayosemwa na yalivyo

Taja paa la sleti, yaani la vipande vyembamba vya jiwe, kwenye mjengo wowote Karen au Runda, utaambiwa mambo mawili kwa pumzi moja: kwamba ni zito kupita kiasi, na kwamba ukishaliweka umemaliza, wajukuu watalirithi. Yote mawili yana chembe ya ukweli, na yote mawili yamewapoteza watu pesa. Jiwe lenyewe halina makuu. Paa hudumu au kuharibika kwa sababu ya vitu vilivyo pembeni ya jiwe: misumari, kenchi, bati la kwenye bonde la paa, na watu wanaoruhusiwa kupanda juu.

"Jiwe lolote bapa linafaa"

Halifai. Sleti ni tope la kale lililogandamizwa ardhini kwa uzito na joto hadi likawa jiwe linalopasuka kwa tabaka nyembamba, na maji hayalipenyi kwa urahisi. Machimbo yenye jina yako Uhispania, Wales, Brazil, China na India. Jiwe la Mazeras, lile linalotandikwa kwenye vijia vya bustani na kubandikwa kwenye kuta za mbele, ni jiwe la mchanga kutoka Pwani. Linapendeza pale lilipo, ila hunywa maji, na ukilipandisha juu ya nyumba utabeba uzito mkubwa bila faida yoyote.

Halafu kuna mabati yaliyomwagiwa chembe za mawe na kukunjwa yafanane na sleti. Sina ugomvi nayo, mengi ni mazuri. Lakini hayo ni mabati, na yataisha kama mabati.

"Sleti zote hudumu miaka mia"

Hapa ndipo mnunuzi anapopaswa kutulia. Kipimo cha Marekani kiitwacho ASTM C406 hugawa sleti katika madaraja matatu: S1 inatarajiwa kuvuka miaka 75, S2 ni kati ya 40 na 75, na S3 ni 20 hadi 40. Kwa macho, zote tatu zinaweza kuwa na rangi ileile ya kijivu. Mwuzaji akikosa karatasi ya vipimo, mwombe vipande vichache uende navyo nyumbani.

Shika kipande kimoja kwa ncha za vidole, kining'inie, kisha ukigonge kwa kifundo cha kidole. Sleti nzima hulia kama chungu kisicho na ufa. Iliyopasuka ndani, au iliyo laini, hutoa sauti butu. Kipande kingine kisimamishe kwenye beseni, maji yafike nusu yake, ukiache hadi asubuhi. Ukikuta unyevu umepanda juu sana ya mstari wa maji, rudisha mzigo. Tazama pia vidoadoa vya rangi ya shaba vinavyometameta. Hayo ni madini ya chuma na salfa. Baadhi yake hushika kutu yakinyeshewa na kuacha michirizi ya rangi ya kahawia, na mabaya zaidi hutoboa jiwe.

Kuna jambo moja linalotupendelea. Ulaya, adui mkubwa wa sleti dhaifu ni maji yanayoingia kwenye nyufa, yakaganda na kulipasua jiwe. Nairobi haina barafu ya namna hiyo. Jua letu, pamoja na ukali wake wa nyanda za juu, hupausha rangi za kupaka, si sleti nzuri. Mvua ya mawe ndiyo inayoweza kuvunja kipande kimoja kimoja, hasa zile nyembamba.

"Hakuna paa zito kama hilo"

Mabati ya geji 28 hayafiki kilo 5 kwa mita mraba. Sleti ya unene wa milimita 5 au 6 ni kama kilo 30. Kwa paa la mita mraba 150, hizo ni tani 4 na nusu. Kwa hiyo aliyejenga kwa kenchi za mabati asijaribu kubadilisha bila mhandisi kuzikagua mbao na kuta. Lakini zile nyumba kuukuu za Kilimani na Lavington zenye vigae vyekundu vya udongo? Vigae hivyo hufika kilo 40 kwa mita mraba na zaidi, vya saruji vivyo hivyo. Mara nyingi nyumba ya vigae inaibeba sleti bila taabu, mradi mbao ziwe bado nzima na mchwa hawajazitembelea.

Swali kubwa kuliko uzito ni mteremko. Sleti haizibi maji kama mfuniko. Huyateremsha, kila safu ikifunika viungo vya safu ya chini, na maji yakiendelea kushuka. Paa likilala chini ya digrii 20, upepo wa mvua ya Aprili utayarudisha maji nyuma hadi kwenye matundu ya misumari. Yale mapaa yaliyolala, yaliyofichwa nyuma ya ukuta, ambayo siku hizi kila ploti mpya inayataka, tafuteni kitu kingine cha kuyaezeka.

"Msumari ni msumari"

Hili ndilo kosa linaloudhi zaidi, kwa sababu ni dogo. Mtu ananunua jiwe la kudumu miaka 75, kisha anamtuma kijana hadiwea alete misumari ya kawaida iliyopakwa zinki. Miaka inapita, msumari unaliwa na kutu, na sleti iliyo nzima kabisa inateleza hadi kwenye gata. Paa zima linaonekana limechoka wakati kilichochoka ni misumari. Tumia ya shaba au ya chuma kisichoshika kutu. Na isipigwe ikakaza: kichwa cha msumari kikae ndani ya tundu lake, jiwe lining'inie juu ya msumari. Fundi aliyezoea mabati hupiga nyundo moja ya mwisho ya kukaza, na nyundo hiyo ndiyo inayoacha ufa utakaouona mvua ikija.

Bati la bondeni, pale miteremko miwili inapokutana, nalo liwe la shaba au risasi. Bati la kawaida litaoza kabla ya sleti, na kulibadilisha ni kufumua safu nzima kila upande.

"Likishawekwa, sahau"

Sleti inataka kuangaliwa, si kuguswaguswa. Mwezi wa Februari, kabla ya masika, na Septemba kabla ya vuli, simama nje na darubini ndogo utafute kipande kilichoteleza au kuvunjika. Kisha ingia juu ya dari mchana, taa ikiwa imezimwa, utafute tone la mwanga au mbao yenye doa jeusi. Jakaranda likiwa karibu na nyumba, gata na mabonde yasafishwe tena Novemba, maana maua yake yakilowa hushikamana yakawa kama uji.

Wanaovunja sleti nyingi ni wageni wetu wa juu: wa dishi, wa solar, wa tangi la maji. Anapanda na viatu vizito, anakanyaga katikati ya jiwe, anashuka, analipwa. Ngazi ya paa yenye ndoano za kushika mgongo wa paa ndiyo njia pekee ya kupita. Vishikio vya solar vifungwe kwenye kenchi wakati wa kuezeka, na bati la kuzuia maji lizungushwe palepale.

Kipande kikivunjika utasikia, "Mkubwa, hiyo ni kitu kidogo, tutapiga silikoni." Mkatalie. Gundi hiyo huachia baada ya misimu michache, na huziba njia ambayo maji yalipaswa kushukia. Kazi sahihi ni kupenyeza chini ya jiwe kisu kirefu bapa chenye ndoano, kung'oa misumari yake, kuchomeka sleti mpya na kuishika kwa kulabu ya shaba. Ndiyo maana ulinunua za akiba kutoka mzigo uleule. Kama hukununua, rangi hazitalingana.

Mashine ya presha isikaribie paa hilo. Hupandisha maji chini ya safu na kubanja kingo. Vanishi ya kung'arisha haina kazi.

"Paa la kijivu la nyumba ya zamani ni sleti"

Pengine ni saruji yenye asbestosi. Nyuzi zake zikivutwa pumzini huleta saratani ya mapafu na ya utando unaoyazunguka. Usilisugue, usilitoboe, usilivunje ulijue ni nini. Liache lilivyo hadi akague mtu anayelijua, na likihitaji kuondolewa, tafuta wenye leseni ya NEMA, mamlaka ya mazingira, ya kubeba taka hizo, si pikapu ya usiku.