Uandishi wa habari za mazingira ni nini?

Pale soko la samaki la Feri, Mtwara, mnunuzi mzoefu humjua samaki wa baruti, yaani aliyeuawa kwa mlipuko baharini. Kwa nje anaweza kuonekana mzima, ila ukimbonyeza nyama ni teketeke, na ukimpasua uti wa mgongo umekatika, damu imevilia tumboni.

Habari ya kawaida husema wavuvi wamekamatwa na baruti, basi. Uandishi wa habari za mazingira unaendelea kuuliza: baruti imepatikana wapi, nani ananunua samaki hao kwa jumla, tumbawe (mwamba hai wa baharini wanamokaa samaki) lililosambaratika litaota tena lini, na mwenye dema, ule mtego wa samaki, atavua wapi kesho? Ni kazi ya kufuatilia kinachoipata ardhi, maji, hewa na viumbe, mpaka kwenye chanzo chake na kwa mwenye uamuzi.

Tatizo letu moja liko kwenye neno lenyewe. Tukisikia "mazingira" tunafikiria usafi: fagio, jalala, siku ya kufyeka nyasi. Ndiyo maana mwandishi hutumwa kumpiga picha mgeni rasmi akipanda mche. Habari ninayoitaka mimi ni ya yule anayerudi baada ya masika kuangalia kama mche umeshika.

Kazi hii ina nguvu, ingawa huchelewa kuzaa. Mwaka 1962 mwandishi Rachel Carson wa Marekani aliandika, kwanza jaridani kisha kitabuni, jinsi DDT, dawa ya kuulia wadudu, inavyoua ndege na samaki. Wenye viwanda vya kemikali walimwandama. Mwaka 1972 nchi yake ikapiga marufuku dawa hiyo mashambani. Yeye alishafariki, mwaka 1964.

Kwetu, chama cha waandishi wa habari za mazingira, JET, kilianzishwa mwaka 1991. Miaka hiyohiyo ya 1990 ulikuja mpango wa kufuga kamba kwenye delta ya Rufiji, penye mikoko. Wakazi waliupinga, waandishi wakaufuatilia, na mwishowe haukutekelezwa.

Huku kusini natamani iandikwe kwa kina habari ya matumbawe ya Mikindani, yaliyochimbwa na kuchomwa kuwa chokaa. Mchomaji ana watoto wa kulisha, mvuvi wa dema vilevile. Wasikilizwe wote wawili, kisha atafutwe na aliyeinunua chokaa akajengea nyumba.