"Nitarudi" ilivyogeuka "Nakuja": maneno ya filamu yanavyofika mtaani

Kazi yangu ni kuandika tafsiri zinazopita chini ya skrini, zile wengi wanaita sabtaito. Naweza kukaa nusu saa na sentensi moja, nikiipunguza mpaka isomeke kabla haijapotea. Kwa hiyo swali hili nimelibeba muda mrefu: kwa nini sentensi moja kati ya maelfu huchomoka kwenye filamu, ikaingia sokoni, kwenye teksi na jikoni, na nyingine nzuri kuliko hiyo hubaki kule kule? Jibu nililianza kuliona Jinja, Uganda, nikiwa mtoto.

Tulikaa karibu na kambi ya jeshi, na sisi watoto wa askari lugha yetu ilikuwa Kiswahili. Kulikuwa na kibanda cha video, kile ambacho ndugu zetu wa Tanzania wanakiita kibanda umiza: mbao, mabenchi, deki moja, jenereta nje. Kando ya televisheni alikaa VJ, msimulizi, maiki mkononi. Mwigizaji akifungua mdomo, VJ alishusha sauti ya filamu na kusema yeye kwa Kiluganda. Risasi zikianza, sauti ilipandishwa tena. Alikuwa na sekunde mbili tatu za kumsikia Mzungu, kuelewa, na kutoa neno ambalo fundi baiskeli aliyekaa nyuma kabisa angelishika papo hapo.

Siku moja ilikuwa The Terminator, ya mwaka 1984. Mwigizaji Arnold Schwarzenegger, akiwa roboti muuaji, anaingia kituo cha polisi na kumuulizia Sarah Connor, mwanamke anayemwinda. Askari wa mapokezi anamwambia hawezi kumwona, kama anataka kusubiri, benchi lile pale. Yule jamaa anaangalia chumba, kisha anasema neno lake: nitarudi. Anatoka. Haupiti muda, anaingia tena, safari hii na gari zima kupitia mlangoni.

VJ wetu alisema: "Nkomawo."

Anayeishi Uganda analijua neno hilo. Mwenye duka akitoka kutafuta chenji husema nkomawo. Mgeni akiinuka kwenda kunawa mikono husema nkomawo. Ni neno la adabu, halina vitisho hata kidogo, na ndiyo sababu gari lilipovunja mlango kibanda kizima kilisimama. Sisi watoto tuliporudi nyumbani tulilipa Kiswahili chetu: "Nakuja." Huku kwetu anayeondoka husema nakuja, maana yake usiniage bado. Basi tukawa tunalisema kwa sauti nzito, uso umekaza, mtu akinyimwa mpira au akitolewa kwenye mchezo. Wengi wetu hatukuwa tumesikia kamwe Schwarzenegger alisema nini hasa. Tulichokuwa nacho ni neno la VJ, nalo lilitutosha.

Inajulikana kwamba Schwarzenegger mwenyewe alitatizwa na ule mkato wa Kiingereza, "I'll be back", akaomba aseme kwa kirefu, na mwongozaji James Cameron akakataa. Kiswahili kingemwondolea taabu: nani, lini na nini vyote vimo ndani ya "nitarudi", pumzi moja.

Nilipoingia kwenye kazi hii ndipo nikagundua kwamba alichokifanya VJ kwa sekunde mbili, umma wa dunia hukifanya kwa miaka. Sentensi ya filamu huegemea picha: uso, muziki, maneno yaliyotangulia. Ikitoka nje bila hivyo vyote inaanguka, kwa hiyo watu huiongezea mguu. Katika Casablanca ya 1942 hakuna anayesema "Icheze tena, Sam". Kinachosemwa kwa Sam, mpiga piano, ni "Icheze, Sam". Lile "tena" limeletwa na wasemaji, kwa sababu bila hilo huwezi kujua kwamba wimbo ule una historia.

Mfano ninaoupenda zaidi ni wa The Empire Strikes Back, filamu ya Star Wars ya 1980, kijana Luke akipambana na adui yake Darth Vader. Dunia nzima hunukuu "Luke, mimi ni baba yako". Kwenye filamu, Luke amesema kwamba ameambiwa Vader ndiye aliyemuua baba yake, na Vader anajibu: "Hapana. Mimi ndiye baba yako." Tazama tofauti ya "ni" na "ndiye". "Mimi ni baba yako" ni mtu anayejitambulisha. "Mimi ndiye baba yako" ni mtu anayekata ubishi: huyo unayedai nilimuua ndiye mimi. Kiingereza huubeba uzito huo kwa mkazo wa sauti tu, na mkazo ukiondoka watu wanalazimika kuliingiza jina la Luke ili ijulikane nani anaambiwa. Kiswahili kinao uzito huo ndani ya neno lenyewe. Nikiona tafsiri iliyoandika "ni" mahali hapo, nasikitika kweli, maana "ndiye" lilikuwa karibu na halikuchukuliwa.

Apollo 13 nayo hivyo hivyo. Mwaka 1970 wanaanga wa chombo hicho cha Marekani waliripoti kwa waongozaji wao walioko Houston, "we've had a problem", namna ya Kiingereza inayoweza kusikika kana kwamba tatizo limeshapita. Filamu ya 1995 ikalivuta hadi sasa: tuna tatizo. Kwetu "tumepata tatizo" ingetosha bila kubadilishwa, kwani -me- husema jambo limetokea na bado limetukalia.

Kuna pia lililosafiri kinyume. "Hakuna matata" lilikuwa Kiswahili cha watu wa kawaida, Them Mushrooms wa Kenya wakaliimba mwaka 1982 katika Jambo Bwana, The Lion King ya 1994 ikalibeba duniani, Disney ikalisajili kama alama ya biashara, na mwaka 2018 watu wengi walitia saini kupinga usajili huo. Nilikuwa upande wao na bado niko. Sisi Kampala husema zaidi hakuna shida, lakini umbo ni lile lile, nalo ni umbo jepesi mno kushikwa: Rais Museveni alipokiita kipindi chake cha utawala cha kuanzia 2016 "kisanja hakuna mchezo", hata wasio na Kiswahili kingine walilitamka bila kujikwaa.

Rafiki zangu wa fani hii huwaona VJ kama watu wanaoharibu filamu. Mimi nasema wasikilizwe. Mwaka 2010, huko Wakaliga, Kampala, Isaac Nabwana alitoa Who Killed Captain Alex?, filamu ya mapigano iliyotengenezwa kwa fedha kidogo sana, na VJ Emmie akaisimulia juu yake kwa Kiingereza, akipaza "supa komando!" na kuwaahidi watazamaji yasiyotarajika. Maneno ambayo mashabiki wa nje hunukuu leo ni ya Emmie, si ya waigizaji. Na toleo lisilo na sauti yake limepotea. Anayeitazama filamu ile sasa, popote alipo, humsikia VJ kwanza, kama sisi kwenye mabenchi ya Jinja.