Metabolomiki katika Uchunguzi wa Dawa za Mitishamba za Kichina za Ini

Metabolomiki ni taaluma inayopima kwa pamoja molekuli ndogo zinazotokana na umetaboli (mabadiliko ya kikemikali yanayofanyika mwilini), kama vile sukari, asidi za amino, mafuta na asidi za nyongo, ili kujua mwili unafanyaje kazi kwa wakati huo. Kwa maradhi ya ini taaluma hii ina nafasi ya pekee, kwa kuwa sehemu kubwa ya umetaboli hufanyika humo. Nyongo ikizuiliwa kutiririka, asidi zake pamoja na bilirubini, ambayo ni rangi ya manjano iliyomo ndani yake, hurundikana katika damu, na macho ya mgonjwa huwa ya manjano.

Mfano mzuri ni Yinchenhao Tang, mchemsho ulioelezwa na tabibu Zhang Zhongjing wa China yapata miaka 1,800 iliyopita kwa ajili ya wagonjwa wa manjano. Mmea wa jamii ya pakanga huchemshwa kwanza, kisha huongezwa matunda 14 ya gardenia na mizizi ya rubarbu. Mchemsho wa namna hii una viambato vingi mno, na mtafiti anayejaribu kiambato kimoja peke yake hawi tena anaichunguza dawa anayokunywa mgonjwa. Ndiyo maana watafiti, wakiwemo wa Chuo Kikuu cha Tiba ya Kichina cha Heilongjiang huko Harbin, huanzia upande wa mwili. Panya hudhuriwa ini kwa kemikali, baadhi yao hunyweshwa mchemsho, kisha damu au mkojo wao hupitishwa katika kromatografia, ambayo hutenganisha molekuli, na katika spektromita ya masi, ambayo huzitambua kwa uzito wake. Iwapo molekuli zilizopanda au kushuka kwa sababu ya ugonjwa zinarejea karibu na viwango vya panya wasio na ugonjwa, watafiti hufuatilia ni viambato gani vya dawa vilivyofika katika damu na kuleta badiliko hilo.

Hata hivyo, nafuu ya panya haithibitishi kwamba binadamu mwenye ugonjwa wa ini atapona. Hilo huhitaji majaribio kwa wagonjwa wenyewe. Isitoshe, geniposidi iliyomo katika gardenia hugeuzwa na bakteria wa utumbo kuwa genipini, na dozi yake ikizidi imeonekana kudhuru ini la panya. Naona manufaa makubwa ya metabolomiki yako hapa hasa, kwani vipimo vilevile vinavyotafuta nafuu huweza kuonyesha dozi ambayo dawa inaanza kuwa sumu.