Namna ya kumsoma binti wa miaka 17 kabla ya drafti ya AFLW

Ukitaka kujua kama binti fulani atachukuliwa kwenye drafti, yaani siku ambayo klabu huchagua wachezaji wapya kwa zamu, na kufika ligi ya wanawake ya futiboli ya Australia, usianze na safu ya takwimu inayoonyesha ameugusa mpira mara ngapi. Safu hiyo ndiyo inayozunguka mitandaoni kila Jumapili jioni, na ndiyo inayopotosha watu kuliko zote. Mchezaji wa vijana chini ya miaka 18 anaweza kuumiliki mpira mara 25 katika mechi moja na bado asiwe tayari kwa lolote. Mwingine anaugusa mara 12, na maskauti wote, wale wanaotafutia klabu vipaji, wanaondoka uwanjani na jina lake.

Kwa ambao hawajauzoea mchezo huu: mpira una umbo la yai, uwanja ni duara refu, urefu wake kati ya mita 135 na 185. Kila upande una nguzo nne. Ukipitisha mpira kwa mguu katikati ya mbili ndefu unapata pointi 6, na ukipita pembeni kidogo unapata 1. Pasi ni ya mguu au ya ngumi. Kurusha kwa mkono hakuruhusiwi. Ukiudaka mpira uliopigwa kwa mguu umbali wa mita 15 au zaidi bila kuguswa njiani, unapewa nafasi ya kupiga bila kubughudhiwa. Unaruhusiwa kumkamata mwenye mpira kuanzia mabegani hadi magotini. Ligi ya wanawake, AFLW, ilianza Februari 2017 ikiwa na klabu 8. Tangu 2022 klabu ni 18, kila moja ina wachezaji 16 uwanjani badala ya 18 wa wanaume, na mpira wao ni saizi namba 4, mdogo kidogo kuliko wa wanaume.

Sasa turudi kwenye ile safu ya namba. Jambo la kwanza ninalolitafuta ni aliupataje mpira. Kuna mipira ya kupokea, ambayo mwenzako amekwisha kufanya kazi ngumu na wewe umesimama pembeni ukingoja pasi ya ngumi. Na kuna mpira wa kugombea: upo chini, watu wanne wameinama juu yake, na lazima mmoja atoke nao. Binti mwenye kasi kuliko wenzake wote huishi kwa mipira ya kupokea akiwa na umri wa miaka 16, kwa sababu hakuna wa kumfikia. Akipanda AFLW anakutana na mwanamke wa miaka 27 mwenye kasi ileile na kilo 10 zaidi, na ile nafasi ya bure haipo tena. Kwa hiyo ukitazama video, mfuate sekunde tatu kabla ya mpira kumfikia. Je, aliinama akaupokea kwa mikono miwili huku miguu inaendelea kukimbia, au alisimama kwanza? Anayesimama ili aokote, hukamatwa.

Jambo la pili, na hapa ndipo ninapotumia muda mwingi zaidi, ni mguu wake. Teke la kawaida katika mchezo huu ni lile linalofanya mpira uzunguke kinyumenyume hadi unapofika mikononi mwa mwenzako. Mfano ni mpigaji wa mguu wa kulia. Mpira unashikwa wima mbele ya paja la kulia, mkono mmoja kila upande. Mkono wa kushoto unaachia kwanza. Wa kulia unaushusha mpira na kuuachia ukiwa karibu na kiuno au chini yake, ncha ikitazama chini na kuelekea mbele kidogo. Kifundo kimekazwa, vidole vya mguu vimenyooshwa, na sehemu ya juu ya kiatu inaipiga ncha ya chini. Mwili umeinama kidogo kuelekea anakopiga.

Makosa mengi huanzia mkononi kabla hayajafika mguuni. Mkono wa kulia ukivuka mbele ya tumbo wakati wa kuachia, mpira unashuka umelala upande, nao utakwenda upande. Ukiachiwa kutoka juu, usawa wa kifua, upepo wa miji kama Ballarat au Geelong utauyumbisha kabla mguu haujaufikia, na adui amepata nusu sekunde ya kuweka mkono. Mwili ukiegemea nyuma, mpira unapanda juu na kuanguka karibu. Kifundo kikilegea, mlio wenyewe unakuambia: unasikia bapa badala ya mshindo. Haya yote yanarekebishika, ila si kwa mwezi mmoja. Mtoto aliyekuwa akiurusha mpira juu kabla ya kuupiga tangu ana miaka 10 atahitaji msimu mzima wa mapigo 100 hivi kwa siku, siku nne kwa wiki, kuanzia mita 15 akiwa amesimama. Baadaye ndipo akimbie, na mwisho kabisa awekewe mtu wa kumsumbua.

Kwa nini ninang'ang'ania mguu? Kwa sababu AFLW ni mchezo wa msongamano. Wachezaji hukusanyika kwenye mpira, na timu isiyo na mtu wa kupiga mita 40 akiwa anakimbia hubaki ikisukumana palepale. Aliye na mita 40 hizo, mpira ukatua mbele ya mshambuliaji wake na si juu ya kichwa cha beki, anabadilisha ramani nzima ya mechi. Akiwa na mita 30 za uhakika kwa mguu wake dhaifu pia, mwambie mama yake aandae sanduku.

Kuna sheria moja ya AFLW inayomwadhibu mwenye mguu mbovu: katika eneo la kati la uwanja, timu iliyopiga mpira ukatoka nje ya mstari bila kuguswa na mtu mwingine, inampa mpinzani mpira wa bure. Katika mashindano yasiyo na sheria hiyo, msichana amejifunza kuupeleka mpira pembeni na kupumua. Tabia hiyo huonekana haraka sana akipanda.

Vipimo vya mwili vyenyewe ni vichache. Kwenye kambi ya majaribio ya drafti wanapimwa mbio za mita 20, wepesi wa kugeuka, kuruka juu wakiwa wamesimama, kuruka kwa kukimbilia kwa kila mguu, na mbio za kilomita 2. Kwa wasichana, mita 20 kwa sekunde 3.3 au chini ya hapo huvuta macho, na kilomita 2 chini ya dakika 8 huonyesha kwamba kiungo anaweza kuhimili robo ya nne. Mimi siziruhusu namba hizi zinibadilishe mawazo juu ya mchezaji niliyemwona mara nyingi akicheza. Zinanirudisha tu kwenye video. Aliyekimbia vizuri mno kuliko nilivyodhani, namtazama upya nione kwa nini kasi ile haionekani mechini. Mara nyingi anasoma mpira kwa kuchelewa.

Baada ya mguu ni goti. Jeraha la kano ya ACL, ile inayokatiza katikati ya goti, huwapata wanawake katika mchezo huu zaidi ya wanaume, na mengi hutokea bila mtu kumgusa: anageuka ghafla, au anatua kwa mguu mmoja, goti likiwa limenyooka na linaingia ndani. Kupona huchukua miezi 9 hadi 12. Nina Morrison alichukuliwa wa kwanza kwenye drafti na klabu ya Geelong mwaka 2018, akacheza mechi yake ya kwanza vizuri mno mwanzoni mwa 2019, na siku chache baadaye goti likaenda mazoezini. Isabel Huntington alikuwa na historia ya magoti kabla ya kuchaguliwa namba 1 na klabu ya Western Bulldogs mwaka 2017, akaumia tena msimu wake wa kwanza. Klabu zilijua kipaji ni kikubwa na zikachagua kusubiri, jambo ambalo naliona sahihi kabisa.

Cha kutazama ni hiki: simama nyuma ya goli katika robo ya tatu, miguu imeanza kuchoka, umwangalie kutoka mbele anapotua baada ya kudaka. Goti liko juu ya kidole cha kati cha mguu, limekunjwa, nyonga imeshuka? Vizuri. Linaingia kuelekea goti jingine? Hiyo ni kazi ya kufanya sasa, si baada ya drafti. Dakika 15 hadi 20 kabla ya kila mazoezi: kutua kwa mguu mmoja, kusimama ghafla kutoka kwenye kasi, kukata kona, kuimarisha nyonga na misuli ya nyuma ya paja. Na kuanguka, tafadhali. Wasichana wengi huingia wakitokea netiboli na mpira wa kikapu, wana mikono mizuri na macho mazuri, lakini hawajawahi kukamatwa na kubwagwa. Anayeogopa ardhi hunyoosha mkono mbele au hukaza mguu, na hapo ndipo bega au goti hulipa. Programu ya Prep-to-Play ya AFL, chombo kinachosimamia mchezo huu, inafundisha haya na haihitaji vifaa vya gharama.

Hao wa kikapu wasidharauliwe. Erin Phillips alitoka WNBA, ligi ya kikapu ya wanawake ya Marekani, akawa mchezaji bora wa ligi mwaka 2017 na 2019 akiwa na Adelaide. Monique Conti alikuwa akicheza michezo yote miwili, na akiwa na miaka 18 aliibuka bora uwanjani katika fainali ya 2018. Macho ya pembeni waliyojengewa kikapuni ni vigumu kumfundisha mtu mzima.

Kuhusu drafti yenyewe, nitapita haraka. Klabu huchagua kwa kufuata msimamo uliopinduliwa: ya mwisho huanza. Miaka ya mwanzo msichana alichagua jimbo analotaka kuchezea, na klabu za huko pekee ndizo zilizomchukua. Siku hizi drafti ni ya nchi nzima, kwa hiyo binti wa Perth anaweza kuamka asubuhi akiwa mali ya Brisbane. Binti ambaye baba yake aliichezea klabu fulani ana njia yake maalumu ya kujiunga nayo. Abbie McKay alikuwa wa kwanza, akaenda Carlton. Namba ya uchaguzi haimalizi mambo: katika drafti ileile ya Morrison, Madison Prespakis alichukuliwa wa tatu na Carlton, na mwaka 2020 tayari alikuwa mchezaji bora wa ligi nzima.

Familia zetu za Afrika Mashariki zilizoko Melbourne na Perth huniuliza kama mlango upo. Upo. Akec Makur Chuot, mzaliwa wa Sudan Kusini, alipitia kambi ya Kakuma, Kenya, kabla ya familia yake kuhamia Perth, na mwaka 2017 alikuwa klabu ya Fremantle. Klabu zina akademi zinazotafuta mahususi wasichana wa jamii za asili za Australia na wale ambao wazazi wao wametoka Afrika au Asia. Binti aliyechelewa kuanza, hata akiwa na miaka 14, asikate tamaa kama anaruka na anakimbia. Ila aanze na teke, maana ndilo linalochukua muda.

Na kuna kitu ambacho wazazi hukisahau kabisa. Drafti hufanyika Desemba, ligi huanza Agosti. Katikati hapo kuna miezi minane hivi, na maandalizi kamili ya klabu huanza baadaye sana. Muulize msimamizi wake mapema: nani atampangia mazoezi ya nguvu kuanzia Januari, atacheza ligi ipi ya jimbo chini ya AFLW (VFLW ya Victoria, SANFLW ya Australia Kusini au WAFLW ya Australia Magharibi), dakika ngapi, na nani atahesabu jumla ya mbio zake za wiki kama bado anacheza na kikapu. Majibu yaandikwe, na nakala moja apewe kocha wa kikapu.