Vitana Ambavyo Pastora Hakuviuza

Ukisikia jina La Niña de los Peines, yaani Binti wa Vitana, ni rahisi kudhani mwimbaji huyu wa flamenko, muziki wa jadi wa kusini mwa Hispania, aliwahi kuuza vitana sokoni, au alikuwa na mazoea ya kuvichomeka kichwani. Sivyo. Jina lilitoka kwenye ubeti wa tangos, aina mojawapo ya nyimbo za flamenko, aliokuwa akiuimba utotoni: mtu anaalikwa ajichane kwa vitana vya mwimbaji, kwani vitana hivyo ni vya sukari. (Tangos za flamenko si kitu kimoja na tango ya Argentina; kuzichanganya ni kosa jingine la kila siku.) Wasikilizaji wakamng'ang'aniza jina, naye hakulipenda.

Jina lake halisi ni Pastora Pavón, mzaliwa wa Seville, mwaka 1890. Alianza kurekodi mwaka 1910 na akaacha nyimbo 258. Aliimba karibu kila aina ya flamenko, kuanzia seguiriya zenye majonzi hadi bulería za kasi. Kwangu mimi, ustadi wake unaonekana zaidi kwenye bambera: alizichukua nyimbo za watu waliokuwa wakibembea, akazipa uzito wa flamenko.

Sanamu yake ilisimamishwa kwenye uwanja wa Alameda de Hércules, Seville, mwaka 1968, akiwa bado hai. Mwaka uliofuata mumewe, mwimbaji Pepe Pinto, alifariki. Pastora naye akafuata wiki chache baadaye. Mwaka 1999 serikali ya Andalusia, jimbo la kusini mwa Hispania lenye Seville, iliitangaza sauti yake kuwa urithi wa utamaduni.