Saa nane ya nani?

Mama anayeniuzia mayai sokoni Kadutu, hapa Bukavu, ameshanizoea. Sitaki yale ya trei, yanayofanana kama yametoka mashine moja: kuku walioyataga hawajawahi kumwona jogoo, na ukiyaweka kwenye joto siku 21 utavuna uvundo tu. Mimi natafuta ya kuku wa kienyeji, na swali langu ni lile lile kila mara.

“Mama, hawa kuku wanaishi na jogoo?”

“Jogoo iko. Asubuhi inaamshaka mpaka majirani.”

Mwezi uliopita yeye ndiye aliyeuliza. “Docta, kila juma unabeba mayai kumi na mbili. Vitoto vyake vinaendaka wapi?”

Nikamwambia ukweli: nayafungua siku ya tatu, kabla hakijapatikana kitu cha kuitwa kifaranga. Akanitazama, akafunga mfuko, akanirudishia pesa iliyobaki bila neno. Makala haya (ya kusoma, si yale makala, yaani makaa, ya mbabula) ni jibu ambalo pale sokoni, na watu wamepanga foleni nyuma yangu, nilishindwa kumpa.

Mimi ni mwanabiolojia wa viinitete. Nachunguza jeni zinavyofanya kazi wakati mwili bado unajengwa. Kila mwaka kuna mwanafunzi anayeinua mkono na kuuliza jeni ya uti wa mgongo ni ipi, na kila mwaka namrudishia swali lake. Seli za kiinitete zinatoka kwenye seli moja na zinarithi DNA ile ile. Seli ya jicho inabeba jeni zote za ini, ila imezinyamazisha. Kujua jina la jeni ni mwanzo tu. Cha kuuliza ni inawaka wapi, na inawaka saa ngapi. Kwangu hiyo “saa ngapi” ndiyo kazi yenyewe.

Yai tunalilaza ubavu. Kiini kinajigeuza chenyewe mpaka kiinitete kinakuwa juu, hata usipokisaidia. Unabandika utepe kwenye ganda, unavuta ute kama mililita tatu kwa sindano ili kiinitete kishuke kisiguse ganda, kisha unakata dirisha kwa mkasi mdogo uliopinda. Mara ya kwanza huoni kitu, uzi mweupe tu juu ya njano. Ukiingiza wino mweusi kidogo chini yake, picha inatokea: mrija utakaokuwa ubongo na uti wa mgongo, na pande zake mbili vibonge vidogo vilivyopangana wawili wawili. Navyo naviita pingili, kama za muwa. Ndivyo vitakavyotoa mifupa ya uti wa mgongo, mbavu na misuli ya mgongo. Moyo wakati huo ni kijirija kilichopinda, na unaruka.

Kwa kuku, jozi moja ya pingili inakatika kila dakika 90. Si wastani wa kubahatisha. Ukikaa na hadubini na subira utaiona. Mwaka 1997 Isabel Palmeirim, katika maabara ya Olivier Pourquié kule Marseille, alionyesha kwamba nyuma ya mpangilio huo kuna jeni inayowaka na kuzimika kwa mdundo huo huo, kama saa. Jaribio lake nalipenda kwa sababu halihitaji utajiri, linahitaji mkono usiotetemeka. Unapasua sehemu ya mkia ya kiinitete katikati, kulia na kushoto. Nusu moja unaigandisha kwa dawa papo hapo. Ya pili unaiacha iishi nusu saa zaidi, kisha nayo unaigandisha. Unapaka rangi ya kuonyesha mahali jeni ilipowaka, na nusu mbili za mwili mmoja hazifanani! Ukirudia, lakini safari hii ukaiacha nusu ya pili iishi dakika 90, zinafanana tena, ila hiyo ya pili imeongeza pingili moja. Jeni yenyewe ni ndugu wa jeni ya nzi wa matunda iitwayo hairy, ambayo nayo inashughulika na kugawa mwili wa buu katika pingili.

Inajizimaje? Fikiria bei ya nyanya Kadutu. Leo bei imepanda, habari inawafikia wakulima wa Kabare jioni, kesho kila mtu anashusha kikapu chake, bei inaanguka. Kesho kutwa hakuna anayeleta, bei inapanda tena. Mdundo unatokana na ule ucheleweshaji wa kati ya habari na kikapu. Jeni hii inatengeneza protini, protini inarudi kuifunga jeni iliyoizaa, baada ya muda protini inaoza, jeni inafunguka. Muda wa kutengeneza, kurudi na kuoza ndio unaoamua urefu wa mzunguko. Samaki zebra anamaliza kwa nusu saa hivi, panya kwa saa mbili. Kwa binadamu hakuna anayeweza kuchungulia tumboni kuhesabu, lakini mwaka 2020 maabara kadhaa ziliiona saa hiyo ikidunda katika seli shina zilizokuzwa kwenye sahani: takriban saa tano.

Sasa nieleze aibu yetu.

Jumatatu moja tuliingiza mayai kwenye kuvezi (mashine ya kuatamia mayai) saa nane mchana. Mwanafunzi wa zamu akaandika daftarini: “saa 8”. Jumatano asubuhi, saa mbili, mwenzake akafungua daftari huku kichwa chake kikiwa kwenye Kifaransa, akasoma saa 8 ya asubuhi. Akahesabu saa 48. Akafungua mayai akitegemea jozi 16 hivi. Akakuta 12. Yai la pili, 12. La tatu, 12.

Tulilaumu kila kitu. Joto: kuvezi yetu inatakiwa kubaki kwenye nyuzi 38, na kurani (umeme) ikikatika tunazungusha chupa za maji ya moto ndani yake kama tunamlea mtoto njiti. Mayai kukaa sana sokoni. Mimi hata nilimlaumu jogoo. Ilipofika mchana ndipo nilipofanya hesabu ambayo ningeifanya tangu mwanzo: jozi nne zimekosekana, kila moja dakika 90, jumla dakika 360. Saa sita kamili. Ni ule umbali uliopo kati ya saa ya Kiswahili na saa ya Kifaransa. Viinitete vilikuwa sawa, daftari ndilo lililokuwa limepotoka. Tangu siku hiyo tunaandika 14h00 au tunaandika “mchana” kwa herufi kubwa, na hatuwapangi viinitete kwa saa za ukutani, tunahesabu pingili.

Watu wananiuliza kuku hawa watamsaidia nani Bukavu. Jibu fupi: saa hii ikiharibika kwa mtu, tunaona. Tangu mwaka 2000 inajulikana kwamba mabadiliko katika jeni iitwayo DLL3 huwafanya watoto wazaliwe na mifupa ya uti wa mgongo iliyovurugika na mbavu zilizoungana. Na ule mrija wa katikati, kwa binadamu, unamaliza kufungwa karibu siku ya 28 baada ya mimba kutungwa, wakati mama wengi hata hawajajua kama wana mimba. Usipofungwa, ndiyo mgongo wazi. Ndiyo sababu asidi ya foliki, mikrogramu 400 kwa siku, inashauriwa ianze wakati mtu anapanga kushika mimba. Ukiianza siku tumbo linapoonekana, kwa mrija huo umeshachelewa. Na sombe (kisamvu), samahani mama zangu, ina folate, lakini ile ya kuchemka nusu siku imeshapoteza nyingi.

Kuhusu njia ya kufika hapa, sitaipamba. Lisansi (digrii) niliifanya hapa hapa Bukavu. Embriolojia (somo la viinitete) tuliichora: profesa ubaoni, sisi daftarini, buluu kwa tabaka la nje, nyekundu kwa la kati, njano kwa la ndani. Nilipata 16 juu ya 20 bila kuona kiinitete hata kimoja. Cha kwanza nilikiona Ubelgiji nikiwa na miaka 27, na niliona aibu jinsi nilivyokitazama muda mrefu, watu wakisubiri hadubini. Asistanti, tasnifu, kisha CT (chef de travaux, cheo cha chini ya profesa). Katikati ya hayo miaka mingi ya kungoja saini.

Kinachonikwamisha leo si mayai. Ni ile rangi ya kuonyesha jeni. Unatengeneza kipande cha RNA (molekuli ndugu ya DNA) kinacholandana na ujumbe wa jeni, kinashikamana nao, kisha kingamwili yenye kimeng'enya inaleta zambarau pale tu jeni ilipokuwa ikiwaka. Siku tatu za kazi. RNA inaharibiwa na kidole kisicho na glavu, na dawa zake zinataka baridi ya nyuzi 20 chini ya sifuri bila kukatika. Kwa hiyo hapa nafungua, nahesabu, nagandisha, nahifadhi ndani ya methanoli. Kupaka rangi nafanya ninapopata miezi miwili kwa wenzangu wa ng'ambo. Methanoli nayo ni sumu na inawaka, haipandi ndege kirahisi. Kinachofanyika hapa mwanzo hadi mwisho ni kupaka gegedu buluu kwenye viinitete vya siku tisa au kumi. Ni dawa rahisi, na wanafunzi wananyamaza kabisa vidole vinapotokea.

Jumamosi nilirudi Kadutu na simu mkononi. Nilikuwa nimerekodi moyo kupitia hadubini, sekunde ishirini hivi. Mama aliishika simu kwa vidole viwili, akatazama, akarudia.

“Hii ni ya kwangu?”

“Ndiyo Mama. Ya Jumatatu.”

Akamwita jirani yake anayeuza sombe aje aone.