Je, wajua? Kuna kipindi kupinga takwimu Tanzania kungeweza kukupeleka jela

Mtu akiniuliza kama dunia inaelekea kwenye kuchunguzana na serikali kutuamulia ukweli ni upi huwa sianzi na China wala Marekani kule mbali, naanza na simu ya mkononi na namba moja tu, 55.

Iko hivi. Kuna utafiti unaitwa Sauti za Wananchi, wa shirika la Twaweza, na namna unavyofanyika wala haina maajabu, watu wa sehemu mbalimbali za nchi waligawiwa simu na chaja za sola halafu wanapigiwa kila baada ya muda wanaulizwa maswali, kuhusu maji, shule, hospitali, na pia kama wanaridhika na kazi ya rais. Sasa hilo la rais ndo lilileta kasheshe. 2016 walioridhika na utendaji wa Rais Magufuli walikuwa asilimia 96, 2017 wakawa 71, Julai 2018 ikatoka 55. Ukiniuliza mimi hata hiyo 55 si mbaya kihivyo, kuna marais huko duniani wangeipata wangechinja ng'ombe. Ila haikupita muda COSTECH, wale wanaotoa vibali vya utafiti, wakaandika barua kuuliza kibali kiko wapi, mara mkurugenzi wa Twaweza akachukuliwa pasipoti.

Septemba mwaka huohuo Bunge likarekebisha Sheria ya Takwimu. Yaani ukitaka kutangaza takwimu ulizokusanya mwenyewe sharti upate kwanza ruhusa ya ofisi ya takwimu ya taifa, na ukitoa namba zenye lengo la kupinga au kupotosha zile rasmi basi faini isiyopungua milioni 10, au jela isiyopungua miaka 3, au vyote kwa pamoja.

Kwa nini namba lakini, mbona watu wanaongea maneno makali kuliko namba? Nadhani ni kwa sababu maneno yanajibika. Ukisema maisha magumu utaambiwa kafanye kazi, yameisha. Asilimia ukitaka kuijibu inabidi na wewe uende mtaani ukahesabu, na ukishahesabu hujui itatoka ngapi, kwa hiyo rahisi zaidi ni kumzuia anayehesabu, au uache kuhesabu kabisa. Hili la kuacha tuliliona kwenye korona, mwanzoni mwa Mei 2020 hesabu ilifika wagonjwa 509 na vifo 21, halafu kimya, ile 509 ikakaa palepale zaidi ya mwaka mpaka Mama Samia alivyoingia ndo takwimu zikaanza kutoka tena.

Sasa geuza upande wa pili. Wakati wewe ulikuwa huruhusiwi kuihesabu serikali, yenyewe ilikuwa inakuhesabu kidole kwa kidole. Kuanzia 1 Mei 2019 laini zote zikatakiwa kusajiliwa kwa alama za vidole na namba ya NIDA, ile ya kitambulisho cha taifa, mwisho ukawa 31 Desemba, ukaongezwa mpaka 20 Januari 2020. Nakumbuka foleni ya kwa wakala mtaani kwetu, mama mmoja muuza mkaa mashine ikagoma kusoma kidole gumba, akafuta kwenye kanga, ikagoma, akajaribu cha kati, ikagoma, yaani kazi imeshakula mistari yote ya vidole, na huku nyuma watu wanasonya. Laini ikishafungwa na jina lako, kila simu unayopiga inaacha rekodi, umempigia nani, saa ngapi, ulikuwa karibu na mnara gani, hata kama hakuna aliyesikiliza ulichoongea. Mtu akipigiwa akaulizwa unamwonaje rais, kwenye laini yenye kidole chake, unadhani atajibu vilevile kama zamani? Mimi ningefikiria mara mbili.

Ila nisidanganye kwamba tunateremka tu bila breki. Ile sheria ya takwimu Benki ya Dunia iliilalamikia hadharani kwamba haiendani na viwango vya kimataifa, na Juni 2019 Bunge lenyewe likairudia na kuondoa lile kosa la kutoa takwimu zinazopingana na rasmi. 2022 ikapitishwa Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi. Halafu 2023 TCRA, wasimamizi wa mawasiliano, nao wakataka wanaotumia VPN, ile programu ya kuficha uko wapi mtandaoni, wajitambulishe, so ni nenda rudi nenda rudi.

Na vidole tuliambiwa ni kwa ajili ya kuwabana matapeli, sababu nzuri tu sina ugomvi nayo. Jana saa 2 usiku simu ikalia, namba ngeni, bila shaka nayo imesajiliwa kwa kidole cha mtu: "Ile hela itume kwenye namba hii."